Mibuyu mikongwe ya Kilifi: ikiwa shambani, nani anailinda?

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nyuma ya nyumba ya mjomba wangu, upande wa Kilifi unaotazama bara, upo mbuyu ambao watoto wa ukoo wetu wameupima kwa leso tangu kabla sijazaliwa. Tulikuwa tukifunga leso ncha kwa ncha na kulizunguka shina, na aliyeleta leso fupi alichekwa hadi jioni. Mwaka jana nilikwenda na tepu ya fundi nikaupima ipasavyo, kwa usawa wa kifua, nikapata mita 11 na sentimita 40. Upande wa mashariki gome lake lina makovu mapana, yaliyopona yakawa laini kama goti, mahali ambapo babu alikuwa akibandua nyuzi za kusokotea kamba, na juu ya makovu hayo kuna tundu la nyuki ambalo hakuna anayelisogelea mchana. Chini ya mti huo mahindi hayashiki. Mjomba amelalamikia jambo hilo miaka yote ninayomjua, na mwishoni mwa mwaka 2022, habari za wanunuzi wa mibuyu ziliposambaa, alinipigia simu akaniuliza: "Wewe uliyesoma, niambie, huu mti ni wangu au si wangu?"

Sikuwa na jibu, na nadhani wengi waliopaza sauti wakati ule hawakuwa nalo pia.

Kwa wasioyakumbuka mambo yenyewe, mwaka huo mibuyu minane ilinunuliwa kutoka kwa wakulima wa Kilifi ili ing'olewe na mizizi yake, ipakiwe melini na kupelekwa Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi. Magazeti yaliandika kwamba wenye mashamba walilipwa kati ya shilingi 100,000 na 300,000 kwa mti. Tarehe 14 Novemba 2022 Rais William Ruto aliagiza Wizara ya Mazingira ichunguze kama mnunuzi alikuwa na kibali kinachokubaliana na Itifaki ya Nagoya, yaani makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2010 yanayotaka nchi na jamii zenye mali ya viumbe hai zipate mgao wa haki pale mali hiyo inapochukuliwa na wengine. Muda mfupi baadaye wizara ikasema kibali kilikuwa hakikutolewa kwa utaratibu unaotakiwa.

Mjadala uliofuata ulikuwa juu ya mnunuzi: nani, kwa nini, kwa ruhusa ya nani. Mimi ningependa tuugeuze uso kidogo tumtazame aliyeuza. Mtu mwenye mti ambao babu wa babu yake aliukuta umesimama anakubali kuuachia kwa bei isiyotosha hata kununua pikipiki mbili, naye si mlevi wala mjinga. Hapo ndipo penye habari.

Kwanza, umri. Kwetu mtu akitaka kuutukuza mbuyu husema una miaka elfu, na hakuna anayembishia. Mwanasayansi Mfaransa Michel Adanson, ambaye jenasi ya mbuyu imepewa jina lake, aliiona miti hii huko Senegal mwaka 1749, akapiga hesabu kwa unene wa shina akafikia zaidi ya miaka 5,000. Hesabu hiyo haikusimama. Mbuyu hauna pete za mwaka za kutegemewa, mti wake ni laini na umejaa maji, shina huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, na mara nyingi kinachoonekana kuwa shina moja ni mashina kadhaa yaliyoungana, huku pango la katikati likiwa ni nafasi iliyozungukwa na mashina hayo tangu mwanzo. Siku hizi umri hupimwa kwa kaboni ya mnururisho, yaani kwa kuangalia kiasi cha kaboni kinachopungua ndani ya mti kadiri miaka inavyopita, na mbuyu mkongwe kuliko yote iliyopimwa, ulioitwa Panke huko Zimbabwe, ulikadiriwa kuwa na miaka ipatayo 2,450 kabla haujafa mwaka 2011. Kwa hiyo mita 11 za mjomba hazisemi chochote cha hakika. Unaweza kuwa na miaka mia tatu, unaweza kuwa na miaka mia nane. Ninachojua ni kwamba hakuna katika ukoo wetu aliyewahi kusikia kwamba ulikuwa mdogo.

Pili, historia ya ardhi yenyewe, ambayo naona hurukwa katika mazungumzo ya namna hii. Wamijikenda kwa mapokeo yao walikuja kutoka Singwaya, kaskazini, wakaishi ndani ya kaya, yaani makazi yaliyofichwa katikati ya msitu mnene na kuingiwa kwa njia chache zilizolindwa. Kuanzia karne ya 19 watu walianza kutoka kwa wingi wakaenda kulima nje, na Wagiriama hasa wakasambaa kaskazini hadi Mto Sabaki na kuuvuka. Kaya zikabaki kuwa mahali pa wazee, pa kiapo, pa makaburi na pa fingo lililozikwa, yaani hirizi ya kuilinda kaya. Waingereza walielewa vizuri uzito wa mahali hapo: walipotaka kuvunja ukaidi wa Wagiriama waliokataa kutoa vijana wa kazi na kuhamishwa kutoka ng'ambo ya Sabaki, ukaidi ambao Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alikuwa ameuchochea kwa kiapo, waliilipua Kaya Fungo kwa baruti mwezi Agosti 1914. Serikali inayotumia baruti dhidi ya msitu inakiri kwamba msitu ule ulikuwa na nguvu.

Kaya hizo leo zina walinzi kwa maana ya sheria. Tangu mwaka 1992 zilianza kutangazwa katika gazeti la serikali kuwa urithi wa taifa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya kadhaa katika orodha ya urithi wa dunia. Walinzi hao hawatoshi, kwa maana mkaa, mawe ya matumbawe na tamaa ya viwanja vinazila pembeni, lakini angalau mtu akikata mti ndani ya kaya yupo mzee wa kumuuliza na ipo sheria ya kumshtaki.

Mbuyu wa shambani hauna hayo. Watu walipotoka kwenda kulima walifyeka vichaka na kuiacha mibuyu imesimama, na sababu zilikuwa zaidi ya moja. Wapo walioiogopa kwa kuwa ni makao ya mizimu na pepo, na hadi leo utakuta chini ya baadhi ya mibuyu vitambaa, chupa ya marashi na majivu ya ubani. Ipo pia sababu isiyo na utakatifu wowote: mti wake haufai kwa mbao wala kwa mkaa, na kuukata ni kazi ya siku nyingi isiyo na malipo mwishoni. Naamini sababu hii ya pili imeokoa mibuyu mingi kuliko ile ya kwanza, ingawa wazee hawatapenda nikisema hivyo. Mvule, ambao nao ulikuwa na mizimu yake, ulikuwa na mbao nzuri, na mizimu haikuusaidia.

Basi tazameni kilichotokea mwaka 2022. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya wakulima hao, akatokea mtu anayeutaka mbuyu wenyewe, mzima, na anayeleta mashine yake mwenyewe ya kuung'oa. Ulinzi uliotokana na kutokuwa na faida ukaisha siku moja. Mkulima akapiga hesabu: hapa nina mduara wa ardhi usiozaa, nina nyani wanaokuja kula mabuyu kisha wanahamia kwenye mahindi, na nina mtu anayenipa laki tatu na kuniachia shamba tupu. Ada ya shule inadaiwa. Angefanya nini?

Tatu, na hili ndilo linaloniumiza zaidi kuliko hiyo miti minane: katika mashamba ya kwetu sijaona mbuyu mchanga. Nimezunguka kwa miguu mashamba ya majirani, nimeona mibuyu minene ya kutosha, lakini mwembamba kama paja, au hata kama nguzo ya umeme, sikuuona. Mbegu zipo tele chini ya kila mti. Shida ni jembe, moto wa kusafishia shamba, na mbuzi. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: jani la mbuyu mkubwa limegawanyika kama vidole vya mkono, lakini mche wake huota na majani mazima, yasiyogawanyika, kwa hiyo mama anayepalilia huung'oa pamoja na magugu bila kujua alichokishika. Wahenga walisema mbuyu ulianza kama mchicha. Kwetu unapaliliwa kama mchicha pori. Tuna wazee wasio na wajukuu, na siku wazee wakiondoka hatutahitaji meli ya Georgia ili tubaki bila mibuyu.

Wataalamu waliochunguza mibuyu mikongwe barani waliandika mwaka 2018 kwamba kati ya 13 mikongwe zaidi, 9 ilikuwa imekufa au kuanguka sehemu yake ya zamani zaidi katika muda wa miaka 12 hivi, mingi ikiwa kusini mwa Afrika, nao wakashuku mabadiliko ya tabianchi bila kudai kwamba wamethibitisha. Sisemi ya Kilifi inakufa kwa namna hiyo. Nasema tu kwamba mti mkongwe usio na mrithi hauhitaji adui mkubwa.

Naomba maoni yenu, hasa ya wanaolima. Wanaharakati wa mjini tumewasikia vya kutosha.

Mchangiaji, Kitui

Mwenzangu, umeandika vizuri, lakini naomba nikurekebishe mahali pamoja. Unasema mbuyu ulilindwa kwa kuwa hauna faida. Huku kwetu Ukambani mbuyu umekuwa na faida tangu zamani. Mama zetu walisuka vyondo kwa nyuzi za gome lake kabla ya katani kuenea, na gome la mbuyu, tofauti na la miti mingi, likibanduliwa kwa adabu hurudi. Hayo makovu ya babu yako ni ushahidi. Miti yetu mingi ina vigingi vilivyopigiliwa shinani kama ngazi, vya kupandia kuangua mabuyu na kurina asali, na mwenye vigingi ndiye anayetambuliwa kuwa mwenye mavuno hata kama shamba si lake. Faida ilikuwepo, ila ilikuwa ya kidogo kidogo na ya kila mwaka. Kilichokuja mwaka 2022 kilikuwa faida ya mara moja.

Mchangiaji, Dodoma

Nikiwa Mtanzania nimetabasamu kidogo kusoma habari ya kibali kilichotoka bila utaratibu, kwa maana huku kwetu "kuzunguka mbuyu" ni kutoa rushwa, na hapa naona mbuyu wenyewe ndio uliozungukwa. Tukirudi kwenye mada: anayesafiri kutoka Morogoro kwenda Iringa hupita katikati ya mibuyu mingi sana kando ya Mto Ruaha, na kila abiria hutoa simu kupiga picha. Lakini hiyo ipo porini. Ukifika kwenye mashamba ya uwele na mtama huku Ugogoni, hali ni kama uliyoieleza, mizee mitupu. Je, kuna aliyejaribu kupanda?

Mchangiaji, Salalah

Salaam kutoka Dhofar. Nachangia kwa ufupi. Huku Oman, milimani karibu na Mirbat, lipo bonde liitwalo Wadi Hinna lenye mibuyu ya aina ileile ya Afrika. Mimi niliyezaliwa Malindi nilipoiona mara ya kwanza nilikaa chini. Ni michache, na watu wanasafiri mbali kuja kuiangalia. Nikakumbuka kwamba nyumbani tuliitumia kama mahali pa kufungia mbuzi.

Mchangiaji, Kilifi

Mimi ni mkulima, na nitasema wazi kwa kuwa hapa hatujuani. Walipokuja wanunuzi, mbuyu wangu haukuchaguliwa kwa sababu gari lao lisingeweza kufika. Ungechaguliwa ningeuza, na sioni haya. Mwaka 2022 mvua zilikuwa zimekataa misimu kadhaa. Watu walioandika mtandaoni kwamba tumeuza urithi hawakuleta gunia la unga. Na hilo swali la mjomba wako hujalijibu: kama mti si wangu, basi mwenye mti aje aupalilie, kama ni wangu, niacheni niuze. Haiwezekani mti uwe wangu wakati wa hasara na uwe wa taifa wakati wa bei.

Mwanzisha uzi

Nashukuru kwa michango yote, na nianze na ndugu wa Kilifi, kwa kuwa sentensi yake ya mwisho ndiyo niliyokuwa nikiitafuta nisiipate.

Kwa jinsi ninavyoielewa hali ya sheria, mti uliopo kwenye shamba lako ni wako, lakini uhuru wa kuufanyia utakalo una mipaka. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilikuwa na kifungu kilichompa Rais uwezo wa kuutangaza mti, au aina nzima ya miti, kuwa chini ya ulinzi nchini kote au katika eneo fulani, na ndivyo msandali, mti wenye mafuta ya manukato, ulivyopigwa marufuku kuvunwa mwaka 2007. Sheria hiyo ilifuatwa na nyingine ya mwaka 2016. Kimataifa, mbuyu wetu haumo katika orodha za CITES, mkataba unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo mlango huo uko wazi. Ndiyo maana Rais alilazimika kushika Nagoya, ambayo inahusu zaidi mgao wa faida kuliko uhai wa mti mmoja. Hata hivyo, tuseme kesho mbuyu unatangazwa kuwa mti wa ulinzi. Msandali umeendelea kuibwa pamoja na marufuku yake, na mkulima aliyekatazwa kuuza bila kupewa chochote atakuwa na sababu moja zaidi ya kuung'oa mche kabla haujaonekana.

Hoja ya ndugu wa Kitui naikubali, na inanisaidia. Faida ya kidogo kidogo ipo hata kwetu, ila imepotea njiani. Jumuiya ya Ulaya iliruhusu unga wa ubuyu kuingia sokoni kwake mwaka 2008, na Marekani ikafuata mwaka 2009, kwa hiyo si bidhaa ya watoto wa shule pekee tena. Lakini mjomba wangu huuza mabuyu kwa gunia, yakiwa na maganda yake, kwa mtu wa lori anayepeleka Mombasa, na huko ndiko yanakopasuliwa, yanakopikwa kwa sukari, rangi nyekundu na pilipili, kisha yanarudi Kilifi kwenye vifuko vidogo ambavyo wajukuu wa mjomba wananunua dukani. Nimekaa nikamtazama mtoto akinunua mabuyu yaliyoangukia pengine ua wa babu yake. Kama maganda yangevunjwa na unga kupepetwa palepale kijijini, na kikundi cha akina mama kikawa na kinu na mzani wake, mbuyu mmoja ungeanza kuleta hesabu ya kila mwaka ambayo mwenye shamba angeiweka mbele ya hiyo laki tatu na kuilinganisha.

Si ndoto, maana jambo la kufanana nalo lipo hapohapo Kilifi. Tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo ulioko Gede hununua buu la kipepeo kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na kuliuza nje ya nchi. Wakulima ambao awali walitaka msitu ufyekwe wagawiwe mashamba wakapata sababu ya mkononi ya kuutaka ubaki, kwa kuwa vipepeo wazazi hutoka humo. Sidai kwamba kila kitu kimekuwa sawa huko, lakini hoja ya mradi ule ni ileile ya ndugu wa Kilifi iliyogeuzwa: msitu ulianza kuwa wao wakati wa bei pia.

Ndugu wa Dodoma umeuliza kama kuna aliyejaribu kupanda. Nimejaribu mimi, na nitaeleza bila kujisifu. Ganda la mbegu ni gumu sana, ukiifukia hivyohivyo unaweza kungoja mwaka. Nilizimwagia mbegu 40 maji ya moto nikaziacha humo hadi asubuhi, kisha nikazipanda kwenye vifuko vya maziwa vilivyotobolewa chini. Zikaota 11. Sita zilioza kwa kumwagiliwa sana, kosa langu. Tano nikazipeleka kwa mjomba mwanzo wa mvua za masika, nikampa kwa sharti kwamba tuzipande pembezoni mwa shamba, kwenye mpaka, ambako hata mbuyu ukiwa mkubwa nusu ya kivuli chake itaangukia kwa jirani. Sharti hilo alilipenda mno.

Alizizungushia matawi ya miiba, mduara wa kiasi cha hatua mbili kila mmoja, na akawaonyesha wake za wanawe lile jani lisilogawanyika ili wasiling'oe. Mbuyu huweza kuchukua miaka kumi, ishirini au zaidi kabla ya kuzaa, kwa hiyo mjomba, ambaye amevuka sabini, anajua anachokifanya na hakukizungumza. Nilipokwenda mwezi uliopita miwili ilikuwa imeliwa na mbuzi wa jirani, mmoja umekauka, na miwili imefika magotini mwangu. Kuhusu ule mkubwa, hajaniuliza tena kama ni wake. Ameniuliza kinu kinauzwaje.